Jukwaa, mtandao au lebo: njia tatu za mtunzi anayeimba nyimbo zake

"Dada, nisaini au nisisaini?"

Kijana aliyeniuliza hivyo ana miaka 22, gitaa la kuazima na nyimbo kumi na moja alizojirekodi kwa simu. Mkataba wa kurasa tisa kutoka lebo, yaani kampuni inayogharamia na kusambaza muziki wa msanii, ulikuwa umeingia WhatsApp yake siku hiyohiyo mchana, na aliyemtumia alitaka jibu kabla ya Jumatatu. Alikuwa ameusoma ukurasa wa kwanza tu, kwenye daladala. Sikumjibu usiku ule. Kusaini kumewainua watu ninaowaheshimu na kumewabana wengine ninaowapenda, na kubaki huru vilevile. Niliyomwandikia kesho yake ndiyo haya, nimeyapanua kidogo kwa yeyote aliyesimama pale aliposimama yeye.

Njia nilizolinganisha ni tatu: kuishi kwa jukwaa, yaani hoteli, migahawa, harusi na matamasha; kujisambazia mwenyewe mtandaoni; na kusaini lebo. Wengi huchanganya mbili, lakini kila mtu ana moja inayomla muda wake mwingi, na hiyo ndiyo ya kuchagua kwa makini. Kila njia nimeipima kwa mambo matano yaleyale: pesa inaingia lini na kwa mlango gani, wimbo unabaki kwa nani, siku yako inakuwaje, wasikilizaji unawapataje, na ukitaka kutoka unatokaje.

Kabla ya kulinganisha: wimbo mmoja, mali mbili

Hapa ndipo watu wanapoliwa. Wimbo uliorekodiwa una mali mbili ndani yake. Ya kwanza ni utunzi: mashairi na melodi. Ya pili ni rekodi yenyewe, ambayo mafundi huiita masta. Unaweza kumiliki moja ukakosa nyingine. Ukitunga wewe na lebo ikagharamia studio, mara nyingi masta ni yao na utunzi ni wako, isipokuwa umeutia saini nao bila kujua. Kwa mtu anayetunga na kuimba mwenyewe utunzi ndio shamba, na rekodi ni mavuno ya msimu mmoja. Mtu mwingine akiurudia wimbo wako miaka thelathini ijayo, mtunzi ndiye anayestahili kulipwa, hata kama hakuna anayeikumbuka rekodi ya kwanza.

Sheria ya hakimiliki ya Tanzania ya mwaka 1999 humlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa, na ulinzi huo unaanza pale unapotunga. Shida ni ushahidi. Malaika umeimbwa dunia nzima, na mpaka leo watu wanabishana kama ni wa Fadhili William wa Kenya au Adam Salim wa Tanzania. Mali bila daftari hupotea bila habari.

Mimi daftari ninalo kwa maana halisi. Tukimaliza kurekodi, kabla sijainuka kwenye kochi la studio, nachana karatasi na kuandika jina la wimbo, tarehe, nani kaandika mashairi, nani kaleta melodi, nani katengeneza biti, na kila mmoja ana asilimia ngapi. Wote tunasaini, napiga picha, naituma kwenye grupu. Dakika tano zimeisha. Nilianza baada ya kuupoteza wimbo wangu wa kwanza: prodyuza aliupandisha kwenye chaneli ya studio yake, nikawa sina hata mstari mmoja unaoonyesha kuwa ni wangu. Wimbo huo bado naombwa harusini. Nauimba, na mapato ya chaneli ile hayajawahi kunifikia.

Ukishakuwa na karatasi, kama uko Tanzania nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukasajili kazi, na BASATA, baraza la sanaa, ukajisajili kama msanii. Kenya, watunzi, watayarishaji na waimbaji wana vyama tofauti vya kukusanya mirabaha, yaani malipo ya kazi zao kutumika, na leseni za vyama hivyo zimekuwa zikibadilika, kwa hiyo anza kwa kuuliza KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko, nani ana leseni mwaka huo. Ukishayafanya haya, njia zote tatu zinakuwa salama zaidi.

Njia ya kwanza: kuishi kwa jukwaa

*Pesa.* Inaingia haraka. Unapiga Ijumaa, unalipwa usiku uleule au mwisho wa mwezi kama una mkataba na hoteli. Kodi ya nyumba inalipika. Lakini ina kikomo, kwa sababu huwezi kuwa Kunduchi na Masaki saa moja, na mafua ya wiki mbili ni wiki mbili bila senti. Ina misimu pia: masika wageni wa hoteli za pwani hupungua, Ramadhani sehemu nyingi hunyamaza, Desemba unakataa kazi. Anayepiga live asiyeweka akiba Desemba, Aprili atauza spika.

*Wimbo unabaki kwa nani.* Kwako kabisa, maana kupiga hakuhamishi haki yoyote. Hatari ni mbili ndogo. Wimbo usiorekodiwa unaweza kusikika kwa mwingine kabla hujautoa, basi jirekodi hata kwa simu na uusajili. Na hoteli ikitaka kukurekodi video, iandikwe itatumika wapi na kwa muda gani.

*Siku yako.* Hili nilieleze kwa kirefu, kwa sababu wengi wanaliona kama starehe. Saa kumi jioni uko kwenye bajaji umepakata mikisa ya sauti, spika mbili zimefungwa kamba nyuma. Saa kumi na moja unajaribu sauti huku wahudumu wakipanga vijiko. Seti ya kwanza, dakika 45, watu wanakula, hakuna anayekutazama. Seti ya pili mtu mzima mmoja anaomba wimbo wa zamani wa dansi, na ukiujua umeshinda meza nzima. Hapo ndipo nilipojifunza kupenyeza wimbo wangu katikati ya kopi mbili wanazozijua, bila kuutangaza. Kuna usiku mama mmoja aliinuka akachomeka noti ya elfu kumi kwenye nyuzi za gitaa, juu kabisa karibu na vigingi, akaniambia nirudie "ule wa katikati." Ulikuwa wangu. Nilirudi nyumbani saa saba usiku nikijua kwamba ule wimbo ni wa kurekodi.

Upepo wa bahari hushikisha nyuzi kutu. Mimi nabadilisha kila wiki tatu. Sauti nayo inachoka. Ukipiga siku tano kwa wiki miaka mitatu bila kujifunza kupumua vizuri, utakwaruza. Na asubuhi ya kutungia inapotea, kwa sababu umelala mpaka saa tano. Kwangu hiyo ndiyo gharama kubwa kuliko zote, na kwenye bei ya shoo huwa haiandikwi.

*Wasikilizaji.* Wachache, ila wanakukumbuka kwa sura. Na ufundi wa jukwaa ni pasipoti. Tamasha la Sauti za Busara, lililoanza Zanzibar mwaka 2004 na ambalo hufanyika Februari, hutaka muziki upigwe live. Wa kuimba juu ya CD hana nafasi pale. Vitali Maembe wa Bagamoyo amejenga jina lake kwa gitaa na maneno makali mbele ya watu, bila kuhitaji biti ya klabu. Nairobi, Muthoni Drummer Queen alipoona majukwaa hayamtoshi alianzisha lake, Blankets and Wine, mwaka 2008. Dar kuna Nafasi Art Space pale Mikocheni, ambako mtu mwenye nyimbo zake mwenyewe husikilizwa kwa utulivu.

*Kutoka.* Rahisi. Unatoa taarifa, unamaliza zamu zako, unaaga vizuri.

*Inamfaa* mwenye mahitaji ya pesa leo, mwenye sauti na gitaa lenye nguvu, na asiyeona haya kuimba nyimbo za wengine wakati anajenga zake.

Njia ya pili: kujisambazia mtandaoni

*Pesa.* Inachelewa na mwanzoni ni kidogo. Majukwaa makubwa ya kusikiliza hayana bei moja ya kila sikio. Hukusanya ada na matangazo kwenye chungu, kisha hugawa kwa uwiano wa nyimbo zilizosikilizwa. Ndiyo maana msikilizaji anayelipia kule Oslo ana thamani kubwa kwako kuliko anayesikiliza bure Mbagala, ingawa wa Mbagala ndiye atakayekuja kwenye shoo yako. Spotify, iliyofunguliwa Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi mwaka 2021, tangu 2024 haiulipi mirabaha ya rekodi wimbo ambao haujafikisha mara 1,000 ndani ya miezi 12. YouTube, ili upate mgao wa matangazo kwenye video za kawaida, njia kuu ni kufikisha wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa kwa mwaka. Hesabu ya mwezi mmoja hukufikia miezi miwili au mitatu baadaye. Miito ya simu bado inawaingizia watu, lakini pesa yake hupita kwa kampuni ya simu na kwa kampuni ya maudhui kabla ya kukufikia.

Kuna na gharama ya msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka wimbo wako kwenye majukwaa hayo. DistroKid na TuneCore hutoza ada ya mwaka. CD Baby hutoza mara moja kwa kila toleo, halafu hukata asilimia 9 ya mapato. Mwenye nyimbo nyingi zinazosikilizwa ataona ada ya mwaka nafuu; mwenye nyimbo tatu anazotaka zikae hata akisahau kulipa, atapendelea kukatwa asilimia. Kwenye ada ya mwaka, ukiacha kulipa nyimbo zinaweza kuondolewa, na idadi uliyohangaikia ikapotea nazo. Nimeona msanii akigundua hivyo siku ya kutuma kiungo cha wimbo wake kwa waandaaji wa tamasha.

*Wimbo unabaki kwa nani.* Kwako, utunzi na masta, mradi uliilipa studio na karatasi ipo. Angalia biti ya kukodi ya mtandaoni. Leseni yake huwa na kikomo cha kusikilizwa, na nyingi hukataza kuuingiza wimbo kwenye mfumo wa YouTube unaotambua sauti, kwa sababu biti ileile wamekodi watu mia wengine. Anayepiga gitaa lake mwenyewe hana mzigo huo, na watunzi wengi hawajui kuwa hiyo ni faida kubwa.

*Siku yako.* Saa mbili za muziki, saa sita za mambo mengine: kukata video fupi, kujibu maoni, kutuma wimbo redioni, kufuatilia picha ya kava, kukagua kama jina limeandikwa sawasawa. Usiku una muda wako na sauti inapumzika. Lakini kichwa hakipumziki. Kila ukiamka unaangalia namba, na siku namba zikishuka unaanza kutunga kwa ajili ya sekunde kumi na tano za mwanzo badala ya wimbo mzima. Nilikaa miezi minane hivyo. Nyimbo nilizotunga katika miezi ile leo siziimbi popote.

*Wasikilizaji.* Uwanja ni mpana. Mswahili wa Muscat, wa Minneapolis na wa Lubumbashi wanakupata siku moja. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarab wa Zanzibar, mwaka 1928 alilazimika kupanda meli mpaka Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Wewe wako unaupandisha ukiwa umekaa kitandani. Ila kila mtu anapandisha, na wa kukusukuma ni wewe mwenyewe.

*Kutoka.* Ni rahisi ukijipanga. Kila rekodi ina namba yake ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 12, iitwayo ISRC. Ihifadhi. Ukihamia kwa msambazaji mwingine ukatumia namba ileile, mara nyingi hesabu ya waliosikiliza huhama nawe. Ukitoa namba mpya, unaanza sifuri.

*Inamfaa* mwenye kipato kingine, mwenye subira ya miaka, na anayependa kweli, au mwenye rafiki anayependa, kazi ya kamera na mitandao.

Njia ya tatu: kusaini lebo

*Pesa.* Inaweza kuja mwanzoni na kwa wingi: studio, video, mavazi, redio, wakati mwingine nyumba na gari. Ninachowaomba vijana wakielewe ni kwamba sehemu kubwa ya hiyo ni mkopo unaolipwa na nyimbo zako. Video inakatwa kwanza, promo inakatwa, ndipo mgao wako unaanza. Kwa hiyo ukisoma "asilimia 40 kwa msanii," swali ni asilimia 40 ya nini: ya kilichoingia, au ya kilichobaki baada ya gharama? Na nani anazipanga gharama hizo? Mikataba mingi inagusa pia shoo na matangazo ya biashara, hata yale unayotafutiwa na shangazi yako.

*Wimbo unabaki kwa nani.* Masta kwa kawaida ni ya lebo, kwa muda fulani au moja kwa moja. Kwa aliyeleta pesa hilo si dhuluma. Dhuluma ni utunzi kuingizwa kimyakimya, au jina la kisanii kuandikwa kuwa mali ya lebo. Tafuta neno "jina" kwenye mkataba. Litafute kabla ya neno "asilimia."

*Siku yako.* Kuna watu. Mmoja anapiga simu redioni, mwingine anashughulikia viza, wewe unatunga na kuimba. Kwa mtunzi aliyechoka kuwa fundi wa kila kitu, hili ni pumziko la kweli. Kinachopungua ni kauli yako. Wimbo wa taratibu unaoupenda unaweza kukaa kabatini mwaka mzima kwa sababu soko linataka wa kuchezeka. Anayeimba tu hubadilishiwa wimbo akaendelea. Anayeimba alichokitunga huumia mahali pengine kabisa.

*Wasikilizaji.* Hapa lebo yenye nguvu haina mpinzani. Rayvanny alitwaa tuzo ya BET ya Marekani mwaka 2017 akiwa lebo ya WCB Wasafi, na Zuchu alitambulishwa na lebo hiyohiyo mwaka 2020 akajulikana Afrika Mashariki nzima kwa muda mfupi. Msanii wa peke yake angehitaji miaka na bahati kufika hapo. Lebo isiyo na nguvu, kwa upande mwingine, itakupa saini, kofia yenye nembo na picha moja ya utambulisho.

*Kutoka.* Hii ndiyo sehemu nzito. Harmonize alipoondoka WCB mwaka 2019 na kuanzisha Konde Music Worldwide, alisema hadharani kwamba kutoka kulimgharimu Sh milioni 500. Aliweza kwa sababu alikuwa ameshakuwa Harmonize, na lebo hiyo ilikuwa na sehemu yake katika kumfanya awe Harmonize. Rayvanny naye aliondoka 2022, akiwa tayari na lebo yake, Next Level Music. Pima upande wako: usipofika huko, utatokaje? Mkataba ukae miaka mingapi, na miaka inahesabiwa kwa kalenda au kwa idadi ya albamu? "Albamu tatu" ambazo lebo ndiyo huamua lini zitoke inaweza kuwa miaka kumi.

Wapo pia waliobadili mpangilio. Kundi la Sauti Sol la Kenya walianza 2005, wakaunda lebo yao, Sol Generation, 2019, wakasaini na Universal Music Africa 2020. Walipokaa mezani walikuwa na miaka 15 ya nyimbo na wasikilizaji mkononi.

*Inamfaa* mwenye muziki unaokwenda na soko kubwa, anayefanya kazi vizuri ndani ya timu, na aliyepata mwanasheria wa kuusoma mkataba. Mwanasheria, narudia. Rafiki anayejua Kiingereza hatoshi.

Kulingana na hali yako

Kama una mtoto, kodi au wazazi wanaokutegemea mwezi huu, anzia jukwaani, hata siku mbili kwa wiki, na kila mwezi rekodi wimbo mmoja kwa gitaa na sauti tu. Jukwaa litakuonyesha upi.

Kama una kazi ya kudumu au biashara, mtandao utakufaa kuliko usiku wa hotelini, maana unaweza kusubiri. Jiwekee siku mbili tu kwa wiki za kuangalia namba.

Kama nyimbo zako ni za maneno, za kusikilizwa watu wamekaa, lebo ya nyimbo za klabu itakupa jina na kukunyang'anya nyimbo. Andaa seti ya dakika 40 ya live na uombe matamasha mapema, miezi mingi kabla.

Kama nyimbo zako zinachezwa, mtaani zimeshaanza kusambaa na huna mtaji wa video, lebo ni njia ya heshima. Ukae mezani na mambo matatu: utunzi na jina vibaki vyako, mgao uhesabiwe kwa taarifa ya maandishi unayoweza kuikagua, na kuwe na tarehe ya mwisho kwa kalenda.

Kama umeshindwa kuamua na una nyimbo chini ya tano, tunga kwanza. Huna cha kusaini bado.

Na kama mkataba uko kwenye simu yako sasa hivi, jibu "nimepokea, naomba wiki mbili." Yule kijana aliyeniuliza aliandika hivyohivyo. Wamempa siku kumi. Ametumia nne kutafuta mwanasheria, na ukurasa wa saba wamekuta kifungu cha jina. Wameomba kiondolewe. Wakati wanasubiri, Alhamisi hii anapiga Mikocheni kwa gitaa lilelile la kuazima, na nyimbo zake zote kumi na moja zimeshaandikwa kwenye karatasi.